Muulize Nesi: Nikipunguza zamu, hospitali bado itanilipia ada?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, niko Columbus, Ohio. Nafanya CNA, yaani msaidizi wa manesi, hospitalini, zamu za usiku, saa 36 kwa wiki. Nimepata nafasi ya kusomea unesi chuo cha jamii, miaka miwili. Hospitali yetu husaidia wafanyakazi ada, ila mafunzo ya wodini ni mchana, kwa hiyo nataka kuacha zamu za kudumu niwe nakwenda nikiitwa tu. Wenzangu nao wananiambia nisisaini mkataba wowote, eti ni utumwa. Nifanyeje?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hilo la utumwa tutalifikia. Linalonitia wasiwasi ni hilo la kwenda ukiitwa tu. Tafadhali usibadilishe chochote kabla hujafika ofisi ya utumishi, maana hospitali nyingi humpa msaada huu mwenye saa zake za kudumu, anayeitwa hayumo. Kwetu, nilipokuwa CNA, mwenye saa 36 alilipiwa yote, mwenye 24 nusu, na wa kuitwa hakupata hata senti. Mimi nilishuka hadi 24: Ijumaa na Jumamosi usiku nipo wodini, Jumapili nalala kama gogo, Jumatatu darasani.

Nusu ile ilinitosha kwa sababu nilikuwa na Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa. Kama una green card au uraia, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, hata kama unadhani kipato chako kimezidi. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, Pell hufika hadi dola 7,395. Za hospitali mara nyingi hukomea dola 5,250 kwa mwaka, kwa kuwa hapo ndipo sheria ya kodi inapomruhusu mwajiri kukulipia bila wewe kukatwa kodi.

Halafu uliza nani anatanguliza hela. Kwingi unalipa wewe, unafaulu, unapeleka risiti na alama, ndipo wanakurudishia. Maana yake muhula wa kwanza unatoka mfukoni mwako. Na ombi lipitishwe kabla darasa halijaanza. Ukichelewa, risiti yako ni karatasi tu.

Sasa mkataba. Mimi nilisaini kwamba nikishahitimu nitaifanyia hospitali kazi miaka miwili, na sijuti, kazi yenyewe nilikuwa naihitaji. Ila nilisoma kipengele cha kuondoka mapema mara kadhaa: je, ukiondoka katikati unadaiwa hela zote walizokulipia au za miezi iliyobaki tu? Wangu deni lilipungua kila mwezi niliofanya kazi. Kama wako unadai zote hata ikibaki wiki moja, omba wabadilishe. Na wakikupunguza kazini wao wenyewe, nani analipa? Hilo liandikwe. Utumwa ninaoujua mimi ni mikopo ya vyuo vya kibiashara visivyotambuliwa na bodi ya uuguzi ya jimbo: unamaliza, na NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, huruhusiwi kuufanya.

Ukitoka zamu asubuhi, pita utumishi kabla hujaenda kulala, uombe sera yenyewe kwenye karatasi. Ukikuta saa 24 zinakubalika, mwendee meneja wako umwambie unataka usiku wa wikendi. Zamu hizo huwa anazitafutia watu kwa taabu, hatakukatalia kirahisi.