Kinyesi cha mjusi kwenye maziwa: ni sumu?

SWALI: Shikamoo daktari. Jana usiku nilichemsha maziwa nikayaacha mezani bila kufunika. Asubuhi nikakuta kinyesi cha mjusi ndani ya sufuria. Mama mkwe anasema mjusi ana sumu, yamwagwe. Mume wangu anasema tuyachemshe tena. Pia mtoto wetu wa miaka 2 hukamata wale mijusi wakubwa wa uani, wenye vidudu vyekundu shingoni. Vinaweza kumhamia? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Yamwage, ila si kwa sababu ya sumu. Mjusi wa ukutani hana sumu, si mateni wala kwenye ngozi. Tatizo ni bakteria waitwao salmonela. Hukaa utumboni mwake bila kumdhuru, na huwatoa kwa vipindi: leo wamo kwenye kinyesi, kesho hawamo. Mume wako ana haki kwamba kuchemsha kunawaua. Lakini maziwa yaliyolala wazi kwenye joto la Tanga huzalisha bakteria wengine pia, na baadhi yao huacha sumu isiyoondoka kwa moto. Hayo simpi mtoto wa miaka 2.

Kinyesi chenyewe utakijua: kijiti cheusi chenye ncha nyeupe, na ile nyeupe ni mkojo wake. Kikikaukia kwenye rafu usikikwangue wala kukifagia, maana salmonela hudumu wiki nyingi kwenye uchafu mkavu. Kiloweshe kwa maji ya sabuni, kifute, kisha upitishe dawa ya klorini. Vikombe vifudikize, sufuria zifunike. Kama taa iko juu ya kabati la vyombo, ihamishe: wadudu hufuata mwanga, na mjusi hufuata wadudu. Tafadhali msiwategee sumu. Wanakula mende, na mende nao wanabeba salmonela.

Vidudu vyekundu ni utitiri. Hujibanza kwenye mikunjo ya ngozi na chini ya magamba wakinyonya damu, lakini utitiri huo ni wa mijusi, hauwezi kuishi kwa mwanao. Hata vimelea vya malaria mijusi wanavyo, aina yao wenyewe, isiyotupata sisi. Ninachokihofia ni mkono uliomshika mjusi kisha ukaenda mdomoni. Anawe kwa sabuni kila mara.

Salmonela ikimpata, homa, kuhara na tumbo kunyonga huanza kati ya saa 6 na siku chache. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) mapema, na umuulize mhudumu wa afya kuhusu zinki. Usimnunulie antibiotiki dukani. Akihara damu, akikataa kunywa au macho yakididimia, mpeleke kituo cha afya mara moja. Na kama ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu), usisubiri hata dalili hizo: kwa watoto hao salmonela huweza kupita kwenye damu hadi kwenye mifupa. Mwambie daktari kwamba ana selimundu na kwamba hushika mijusi.