Panya ana kingamwili za Toxoplasma ila kwenye ubongo sioni kitu

Swali: Daktari habari, nina panya niliowachoma kimelea Toxoplasma gondii hai, aina ya ME49, sasa wako wiki ya sita. Damu ina kingamwili ila slaidi tatu za ubongo za H&E (rangi ya kawaida ya tishu) hazina sisti (vifuko vya kimelea) hata moja, na PCR (kipimo cha kutafuta DNA ya kimelea) ya kipande cha miligramu 25 imetoka hasi. Niwatoe kwenye kundi la walioambukizwa?

Jibu: Salama. Usiwatoe, hapo mimi naamini damu kuliko hizo slaidi. Ubongo wa panya toka mbele mpaka nyuma unazidi sentimita moja, yani mikromita elfu kumi na kitu, sasa slaidi tatu za mikromita 5 maana yake umeangalia mikromita 15 tu, na sisti zenyewe hazisambai sawasawa, sehemu moja unakuta zimejikusanya tatu nne kwingine patupu kabisa. Tena sisti iliyotulia mara nyingi haina uvimbe pembeni wa kukushtua, unaipita hivi hivi. PCR nayo ni yale yale, miligramu 25 kwenye ubongo wa karibu miligramu 450!

Waliobaki, pasua ubongo katikati kwa urefu, nusu itie kwenye fomalini, nusu isage YOTE kwenye PBS (maji ya chumvi ya maabara), pitisha kwenye sindano nene kisha nyembamba mpaka ilainike. Hesabu sisti kabla hujagandisha. Tumia lektini ya DBA (protini) yenye rangi ya floresensi, inashika sukari za ukuta wa sisti so ukuta unawaka kama pete, huwezi kuichanganya na mafuta ya ubongo.

Kilichobaki toa DNA. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) ziwe za kile kipande cha besi 529, kinajirudia mara 200 hadi 300 kwenye jenomu wakati jeni ya B1 ni kama 35 tu, utofauti huo unauona vimelea vikiwa vichache. Ikitoka hasi tena zimua DNA mara kumi urudie, maana DNA ya panya ikizidi inaziba PCR, na usisahau ubongo wa panya ambaye hajachomwa kitu, wa kulinganishia.

PCR chanya haisemi vimelea viko hai lakini, ukitaka hilo itabidi umchome panya mwingine msafi huo ubongo uliosagwa. Na mwenye mimba asiushike kabisa, sisti hizo zinaambukiza.