Swali la lugha: Je, maji hugandishwa kwa umeme?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi moja hapa Sinza. Nimepewa nitafsiri kipeperushi kuhusu kuondoa sumu iitwayo aseniki kwenye maji ya visima, kitakachosomwa na watu wa maeneo ya machimbo ya dhahabu Kanda ya Ziwa. Nimeandika: "Maji hugandishwa kwa umeme, chuma huyeyuka, na sumu yote huuawa." Mwenzangu kasoma, akauliza kama maji hayo yanawekwa kwenye friji. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako amesoma vizuri kabisa. Friji imo ndani ya sentensi yako. Kitenzi kuganda hutegemea sana kinachoganda. Damu huganda, jeraha likaziba. Maziwa yakiganda tunapata mtindi. Mafuta ya nazi huganda kwenye chupa asubuhi za Julai, hata hapa Dar. Lakini maji yakiganda ni barafu tu, na msomaji wako hana sababu ya kufikiria kitu kingine.

Basi tuangalie kinachotokea. Mabamba ya chuma huzamishwa majini na kupitishiwa umeme kama ule wa betri au sola. Bamba la upande chanya hutoa chuma kidogo kidogo. Chuma hicho hukutana na oksijeni iliyomo majini, kikawa chembechembe za kutu. Aseniki hunata kwenye kutu hiyo, chembe hushikana zikawa mabonge, mabonge huzama, maji huchujwa. Kwenye shule moja ya Dhapdhapi, Bengali Magharibi nchini India, ulijengwa mtambo wa namna hii wenye uwezo wa kutoa lita 10,000 kwa siku, na hakuna tone linaloganda ndani yake. Kinachoshikana ni kutu na aseniki. Wataalamu wakitaka kuita njia hii "ugandishaji kwa umeme" sina ugomvi nao, maana wenyewe wanajua kinachogandishwa ni nini. Kwenye kipeperushi sema kunata na kushikana.

"Chuma huyeyuka" nayo itawapeleka watu kwenye tanuri. Chumvi na sukari huyeyuka majini, na aseniki pia ni sahihi kusema imeyeyuka. Kwa chuma tunacho kitenzi kizuri mno, kulika: bati limelika kwa kutu, kichwa cha betri kimelika. Bamba lile linalika, na siku moja litahitaji kubadilishwa. Mtu akisoma "bamba hulika" atalielewa hata hilo la kubadilisha bila kuambiwa.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni "huuawa". Jiji hili limepambana na kipindupindu mara nyingi, tumezoea kuchemsha maji na kuyatia dawa ili kuua vijidudu. Tena Kiswahili kinakubali kusema maziwa "yanaua sumu". Ukiandika aseniki inauawa, mama wa nyumbani atachemsha maji yake na kuamini yuko salama. Aseniki si kijidudu, ni elementi kama chuma au dhahabu, moto hauiui. Ukichemsha, mvuke unaondoka na aseniki inabaki, kwa hiyo maji yanayosalia yana aseniki nyingi zaidi kwa kila lita. Na haina rangi, harufu wala ladha ya kumshtua mtu. Andika kuondoa. Kitenzi hicho kina faida nyingine: kinamfanya msomaji aulize, imeondolewa ikapelekwa wapi? Jibu ni kwamba imo kwenye lile tope la kutu, na lazima kipeperushi kiseme hivyo.

Neno "yote" lifute. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, na kujua kama imeshuka hadi hapo ni kazi ya kipimo.

Mimi ningeandika hivi:

"Umeme hupitishwa kwenye mabamba ya chuma yaliyozamishwa majini. Bamba hulika na kutoa kutu. Aseniki hunata kwenye kutu, ikazama nayo. Maji huchujwa, kisha hupimwa kabla ya kunywewa. Tope linalobaki lina sumu: lisimwagwe shambani, kisimani wala mtoni."

Hiyo sentensi ya tope iandike kwa herufi nene.