Masaa 8 Salvador yanatosha
Dada, umeuliza kama masaa 8 ya kusubiri ndege Salvador, Brazili, yanatosha kutoka nje ya eapoti. Yanatosha kabisa, ila hakikisha viza kwanza. Chukua teksi moja kwa moja mpaka Pelourinho, ule mtaa wa zamani wa mji, ni kama kilomita 30 hivi na foleni ya jioni ni balaa kwa hiyo wahi kurudi. Pale tembea kwa miguu tu, barabara za mawe, nyumba za rangi rangi, na ujue jina lenyewe ni ile nguzo waliyokuwa wanafungwa watumwa na kuchapwa, mimi nilisimama pale nikashindwa hata kuongea. Halafu shuka na lifti ya Lacerda, ipo tangu 1873, inakuteremsha mji wa chini karibu na bahari.

Ila usiondoke bila kula acarajé jamani!! Kina mama wa nguo nyeupe wanasaga kunde zilizomenywa, wanakaanga kwenye mawese, wanapasua katikati wanajaza uduvi, yaani ni bagia zetu zile zile ila kubwa kama ngumi. Akikuuliza "quente?" anamaanisha pilipili, na ni kali kweli.