Maswali ya Wasomaji: Tuamini Kitabu Kipi cha Mapishi?

SWALI: Mama Mhariri, salamu nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Daktari amemwambia mume wangu kwamba tansiyo yake, yaani shinikizo la damu, iko juu na kwamba tubadilishe chakula cha nyumbani, lakini hakutueleza tukibadilishe namna gani. Nimetafuta kitabu cha mapishi ya afya katikati ya mji, nikapata cha Kifaransa chenye picha za kupendeza, ila karibu kila ukurasa unadai kinoa, maziwa ya lozi na tanuri ya nyuzi 180, nami ninapikia mbabula ya makaa. Dada mmoja tunayesali naye amenipa kingine, ambacho kinaahidi kuponya tansiyo, kisukari na saratani kwa siku 21. Nifuate kipi? — Mama wa watoto wanne, Katuba.

JIBU: Mama, nianze na hicho cha pili, kwa sababu ndicho chenye hatari. Kitabu cha mapishi kinachoahidi kuponya magonjwa matatu yasiyo na chanzo kimoja, tena kwa siku zilizokwisha kuhesabiwa, hakistahili kukaa jikoni kwako. Mrudishie dada yako kwa shukrani, na mume wako asiache hata kidonge kimoja cha daktari kwa ajili yake. Hicho cha Kifaransa hakina kosa kubwa, isipokuwa kiliandikiwa jiko la watu wengine. Kinoa ni zao la milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na sijaona kirutubisho ndani yake ambacho huwezi kukipata kwa maharage, karanga na mboga za majani unazozinunua karibu na nyumbani.

Ukitaka kujua kama kitabu chochote cha mapishi kinastahili fedha zako, kifungue katikati, usome pishi moja la mboga tangu mwanzo hadi mwisho, ukiangalia mambo ambayo picha haziwezi kuyaficha. Kinasema sufuria hiyo inalisha watu wangapi? Mafuta na chumvi vimepimwa kwa kijiko au kwa gramu? Kitabu kinachojiita cha afya, kisha kikamwambia mpishi atie chumvi ya kutosha, hakijamsaidia mgonjwa wa tansiyo hata kidogo, maana chumvi ndiyo hasa iliyomfanya akinunue. Geuza pia kurasa za mwisho: mwandishi akiwa anauza poda au chai ile ile anayoisifu ndani, msome kama unavyomsikiliza mchuuzi wa sokoni, yaani kwa adabu na bila haraka ya kufungua pochi.

Kuhusu tansiyo yenyewe, kuna utafiti ambao unaweza kuutegemea. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya mpango wa kula uitwao DASH. Watu 459 walipikiwa chakula kwa majuma kadhaa: wengine kile cha kawaida cha Wamarekani, wengine chenye matunda na mboga zaidi, na wengine chenye mboga, matunda na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, huku mafuta ya jumla yakiwa kidogo. Kundi hili la mwisho lilipata nafuu kuliko mengine, na miongoni mwa wale waliokuwa tayari na tansiyo ya juu, ile namba ya juu ya kipimo ilishuka kwa takriban 11 kwa wastani ikilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2001, ulionyesha kwamba kupunguza chumvi juu ya mpango huo kuliishusha zaidi. Angalia jinsi walivyofanya: walipima, walilinganisha, na hawakutumia chakula hata kimoja cha ajabu. Mapishi ya DASH yanatolewa bure kwenye intaneti na taasisi za afya za serikali ya Marekani, ingawa nayo yameandikwa kwa jiko la huko.

Kilicho karibu zaidi na sufuria yako ni kitabu cha mapishi ya Kenya kilichotolewa mwaka 2018 na serikali ya nchi hiyo pamoja na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ni usumbufu kwetu, lakini kinapatikana bure, vipimo vyake viko wazi, na kila pishi la ugali, maharage au mboga za majani limewekewa hesabu ya virutubisho vyake. Mtoto wa sekondari atakusomea bila shida. Kabla ya kununua vitabu vya Kifaransa, pita kwanza kwenye maktaba ya Halle de l'Étoile uone kama kuna cha kuazima.

Hata hivyo, usisubiri kitabu ili kuanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kiasi hicho kinahesabu kila chumvi inayoingia mdomoni, pamoja na ile ya mkate, ya bitoyo (samaki wa chumvi) na ya vile vidonge vya mchemraba vya kukolezea mchuzi, ambavyo mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi tupu. Kwa hiyo, siku ya kupika bitoyo, iloweke katika maji mengi tangu usiku, mwaga maji hayo, ichemshe kidogo, mwaga tena, halafu iunge kwa nyanya, vitunguu na pilipili bila kidonge na bila chumvi nyingine, uonje kwanza. Watoto watanung'unika majuma mawili matatu, kisha ulimi utazoea.

Jambo la mwisho kwako linahusu bukari, yaani ugali. Sikukatazi, wala simwamini anayekukataza. Ila katika nyumba nyingi za mji huu tonge limekuwa kubwa na mboga imekuwa ya kuchovyea tu. Punguza tonge, ongeza matembele au lengalenga mpaka vijae nusu ya sahani, na maharage au samaki wapate robo yao. Najua kwamba bei ya samaki haikuulizi daktari alisema nini. Maharage yanaweza kushika nafasi hiyo siku nyingi za juma.

SWALI: Mama Mhariri, kijana wangu anayefanya kazi Johannesburg hunitumia video kila juma. Ya juzi ilisema kwamba mawese ni sumu inayoziba mishipa na kwamba tutumie mafuta ya nazi, ambayo eti ni dawa. Zamani walitukataza mayai, sasa wanasema tule. Kwa nini wataalamu hawakai na neno moja? — Mzee wa Kamalondo.

JIBU: Papa, kwanza mafuta, kwa kuwa hapo hesabu ni rahisi. Aina ya mafuta ambayo madaktari wa moyo wanaiogopa ni ile inayoganda kirahisi, kwa sababu inapandisha kolesteroli mbaya katika damu. Katika mawese, aina hiyo ni takriban nusu. Katika mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Katika mafuta ya alizeti ni kama asilimia 11. Basi anayekuambia ukimbie mawese uende kwenye nazi anakutoa kwenye nusu na kukupeleka kwenye zaidi ya robo tatu. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilitoa ushauri wa wazi kwamba watu wasitumie mafuta ya nazi kwa tumaini la kulinda moyo. Na kwetu Lubumbashi nazi inakuja kutoka mbali, kwa bei yake.

Mawese mekundu yana jambo ambalo video hiyo haikulitaja. Wekundu wake unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kijiko kimoja ndani ya sombe, yaani majani ya muhogo, ni msaada wa kweli kwa macho ya wajukuu wako. Lakini mpishi akiyaacha kwenye makaa mpaka wekundu ufifie na moshi uanze kupaa, kama wengi wanavyofanya ili kuondoa harufu, ameichoma karotini na kubaki na mafuta matupu. Ningependelea mawese yatiwe kidogo mwishoni mwa kupika sombe, na kukaanga kufanywe kwa mafuta ya alizeti, nako kusiwe kwa kila siku.

Sasa swali lako kubwa. Mayai yalikatazwa kwa sababu kiini chake kina kolesteroli nyingi, na ilidhaniwa kwamba inayoliwa hupita moja kwa moja ikawa ile ya kwenye damu. Vipimo vya miaka mingi vimeonyesha kwamba kwa watu wengi haiendi hivyo, na kwamba mafuta yanayoganda yana nguvu zaidi katika jambo hilo. Ndiyo maana mwongozo wa chakula wa Marekani wa miaka 2015 hadi 2020 uliacha kuweka kikomo cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku. Mabadiliko ya namna hiyo mimi siyalaumu. Hata utafiti mashuhuri wa Hispania kuhusu chakula cha nchi za Mediterania, uliotangazwa mwaka 2013, waandishi wake waliuondoa wenyewe mwaka 2018 baada ya kugundulika kwamba baadhi ya watu hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu kama ilivyotakiwa; wakafanya hesabu upya, wakauchapisha tena kwa maneno ya tahadhari zaidi. Katika video za kijana wako sijaona bado mtu aliyerudi kusema hesabu yake ilikuwa na dosari.

Kuna mabadiliko ya aina nyingine, na hapo nakuunga mkono katika mashaka yako. Mwaka 2016 zilichapishwa nyaraka za zamani zilizoonyesha kwamba chama cha wenye viwanda vya sukari cha Marekani kiliwalipa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waandike tathmini, iliyotoka mwaka 1967, ambayo iliipunguzia sukari lawama za ugonjwa wa moyo na kuyaelekezea mafuta macho yote, bila jina la mlipaji kutajwa. Tangu hapo nikiletewa ushauri wowote wa chakula huuliza mambo mawili: nani amelipa, na chakula hicho kimelinganishwa na kipi. Mtu akisema mayai ni mabaya, mabaya kuliko nini? Kuliko maharage, pengine. Kuliko andazi la mafuta na chai yenye vijiko vinne vya sukari, hapana. Mwulize kijana wako hivyo, Papa, kabla hajakutumia nyingine.

SWALI: Yaya, hapa chuoni tunanunua juisi ya tango, ndimu na tangawizi ya kusafisha damu na kuondoa asidi mwilini. Inafanya kazi? — Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU).

JIBU: Mdogo wangu, damu ya mtu mzima wa afya hukaa kwenye kipimo cha asidi kiitwacho pH kati ya 7.35 na 7.45, na walinzi wake ni mapafu na figo, ambao hawangojei ndimu. Chakula kinaweza kubadilisha asidi ya mkojo, na hapo ndipo wauzaji wanapokuonyesha vile vikaratasi vyao vya rangi. Juisi hiyo ni kinywaji kitamu, mradi haijatiwa sukari. Ukiwa na fedha hizo, nunua vinkubala vikavu, wale viwavi wa kuliwa: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na vina madini ya chuma ambayo wasichana wengi wanayahitaji.

SWALI: Shangazi yangu anasema chakula cha asili hakiwezi kumdhuru mtu, kwamba magonjwa yote yameletwa na vyakula vya viwandani. Je, ni kweli? — Msomaji wa Kampemba.

JIBU: Shangazi ana haki katika sehemu moja: soda, biskuti na vidonge vya mchuzi vimeingia nyumbani kwetu kwa wingi usio na faida. Lakini mmea haujali afya yetu. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango, ambao watu miguu inapooza ghafla na haiponi. Baadaye ilifahamika kwamba unawapata wanaokula muhogo mchungu ulioharakishwa, hasa wakati wa njaa ambapo hakuna maharage wala samaki wa kuusindikiza. Ndiyo sababu bibi zetu waliloweka muhogo siku tatu au zaidi, na sombe hutwangwa, kisha huchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Kitabu kipya kinachoshauri kusaga majani hayo mabichi ndani ya juisi, kitupe.

Asali pia ni ya asili, na haifai kupewa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza.

Mfano wa karibu zaidi ni karanga. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa, na chanzo kikapatikana katika chakula chao cha karanga zilizotoka Brazili: ukungu ulikuwa umezalisha sumu ambayo sasa inaitwa aflatoksini. Sumu hiyo inaleta saratani ya ini, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Inaingia pia katika mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Kwa hiyo mwambie shangazi asinunue karanga zilizokwisha kusagwa, kwa sababu unga huficha kila kitu. Anunue nzima, azimwage kwenye ungo mchana penye mwanga, aondoe kwa mkono zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na hizo mbaya asiwape hata kuku.