Mama anazirai: ni kifafa au ni dawa?

SWALI: Mama yetu ana miaka 68 na alipata kifafa baada ya kiharusi. Tangu aanze karbamazepini, miligramu 200 asubuhi na jioni, kifafa kimetulia, lakini ameanguka mara tatu. Anapauka, analegea, na baada ya dakika moja anaongea vizuri. Zahanati wanashauri dozi iongezwe. Tuongeze?
Msomaji, Tanga

JIBU: Msiongeze kwanza. Aliyeshikwa na kifafa kikubwa hukakamaa, hutupa mikono na miguu, na akizinduka hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Mama yenu analegea na akili inarudi papo hapo. Hapo moyo ndio wa kushukiwa kwanza.

Karbamazepini hutuliza ubongo kwa kuziba vijia vya sodiamu vinavyopitisha umeme wa seli. Moyo nao una vijia hivyo. Kwa mzee ambaye njia ya umeme wa moyo imeanza kuchoka, dawa inaweza kuchelewesha ishara inayotoka vyumba vya juu kwenda vya chini, au kuikata kabisa, hata kwa dozi ya kawaida. Imeonekana zaidi kwa akina mama wazee. Akiwa anameza atenololi au verapamili kwa ajili ya presha, hatari inazidi. Verapamili, na pia erithromaisini, ile dawa ya bakteria ya duka la dawa, hupandisha kiwango cha karbamazepini kwenye damu.

Mhesabieni mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, dakika nzima. Mkihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, mnaweza kukosa mapigo yanayoruka. Yakiwa chini ya 50, au yanakatika, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Yakiwa 70 mpelekeni vilevile leo, maana hitilafu hii huja na kuondoka.

Bebeni dawa zake zote na pakiti zake. Ombeni kipimo cha umeme wa moyo (ECG), presha akiwa amelala kisha amesimama, na sodiamu ya damu, kwa kuwa karbamazepini huishusha pia.

Dawa msimkatishe wenyewe, tafadhali. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo. Njia ya umeme wa moyo ikionekana imeziba, daktari ataiondoa karbamazepini na kumpa nyingine, kwa mfano levetirasetamu, isiyozuia vijia vya sodiamu. Fenitoini na lamotrijini, nazo dawa za kifafa, huviziba, kwa hiyo si mbadala salama kwake. Fenitoini ya mshipani haipewi kabisa mwenye njia iliyoziba. Hata kwa mtu mzima mwenye moyo mzima haizidi miligramu 50 kwa dakika. Kuhusu lamotrijini, mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari Machi 2021 kwa wenye maradhi ya moyo.

ECG huchukua sekunde chache tu za moyo. Ikitoka safi na mama bado anaanguka, ombeni rufaa akavalishwe kifaa kinachorekodi moyo saa 24.