Jibu: Winga wa daraja la nne Hispania anaweza kweli kufika La Liga?

Mkuu, umeuliza kama winga anayecheza daraja la nne Hispania ana njia ya kupanda, au ndiyo amezikwa huko. Njia ipo, ila nyembamba sana. Segunda RFEF, ndilo daraja la nne lenyewe, ina makundi 5 ya timu 18, yaani timu 90 zinazogombea macho ya maskauti walewale.

Mtazame Bryan Zaragoza, winga kijana wa Málaga. Klabu yake, Granada, walimpeleka kwa mkopo El Ejido, daraja hilohilo la nne, msimu wa 2021-22. Msimu uliofuata akawa kikosi cha kwanza, wakapanda La Liga kama mabingwa wa Segunda, yaani daraja la pili. Oktoba 2023 wakawakaribisha Barcelona: dakika ya kwanza haijaisha, kashafunga! Bao la pili ndilo ninalolirudia mpaka leo. Yuko ndani ya boksi na Koundé, beki wa Barcelona, anamyumbisha huku na kule, beki anakosa mguu wa kusimamia, mpira wavuni. Mechi iliisha 2-2, na siku chache baadaye akavaa jezi ya taifa dhidi ya Scotland. Kisha Bayern wakamchukua.

Kwa hiyo huyo winga wako usimkatie tamaa. Muhimu apate dakika za kucheza, hata kama ni kwa mkopo.